Mdomo Wasadiki, Moyo Wasita

Wahenga walinena: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii twaijua sote, nasi huitumia tunapomwonya mtu anayeogopa kwenda hospitali. Leo twataka kuitumia kwa maradhi ya namna nyingine, yasiyoonekani kwa macho wala kupimwa kwa kipimo cha homa, nayo yamo katika nyumba nyingi za Wakristu kuliko tunavyodhani. Twasema juu ya mashaka ya imani, na hasa juu ya desturi yetu ya kuyaficha.

Alitujia mtu mmoja, baba wa familia, mwenye heshima katika kigango chake. Jina lake hatutalitaja, wala mahali anapokaa, lakini ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake. Kwa miaka mingi amekuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristu. Yeye ndiye anayeongoza rozari, na penye msiba yeye ndiye anayeitwa kusali. Miaka miwili iliyopita alimzika binti yake, mtoto wa darasa la tano, aliyeugua siku nne tu. Watu walimsifu kwa uthabiti wake, maana hata kwenye matanga aliongoza sala mwenyewe wala sauti yake haikutetemeka. Walakini tangu siku zile, alituambia, akipiga magoti haoni tena kwamba pana mtu anayemsikiliza. Husali kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kila Dominika anaposimama pamoja na wenzake kutamka Kanuni ya Imani, neno la kwanza humkwama kooni. Ameacha kuungama, kwa sababu hajui aseme nini. Na kwa kuwa haungami, ameacha pia kupokea Komunyo. Na watu wakimwuliza, husingizia hili na lile. Swali lake lilikuwa fupi: Je, mimi ni mnafiki? Niache yote, au niendelee kuwadanganya watu?

Twakiri kwamba hatukuwa na jibu tayari. Na kwa kuwa twajua kwamba swali hilo si la mtu mmoja, twaona yafaa tulitafakari mbele ya wasomaji wetu wote, wazazi na vijana, walei na watawa, na mapadre pia.

Yako majibu mawili ambayo mtu kama huyu huyapata upesi. La kwanza ni lile tunalompa sisi wenyewe, watu wa Kanisa. Twamwambia: Nyamaza, mashaka hayo ni kishawishi cha Shetani, endelea kusali, yatapita. Jibu la pili ni la dunia ya leo. Humwambia: Uwe mkweli, kama moyo wako hausadiki, usiseme kwamba unasadiki, toka, uende zako, ukawe mtu huru. Jibu la kwanza lajidai kuilinda imani, na la pili lajidai kuulinda ukweli. Sisi twaona kwamba yote mawili yana kasoro, na kasoro yake ni moja: yote mawili humwacha mtu peke yake. Yule anyamazaye yuko peke yake ndani ya kanisa, na yule atokaye yuko peke yake nje.

Basi tuanze na neno lenyewe, unafiki. Mnafiki ni mtu anayejivika sura asiyo nayo ili apate faida kwa watu. Bwana wetu aliwakemea wale waliopiga sala njia panda ili waonekane, na wale waliosafisha kikombe kwa nje huku ndani kimejaa unyang'anyi. Hao walijua waliyokuwa wakiyafanya, nao waliyapenda. Je, baba huyu anapenda hali yake? La hasha. Angekuwa anaipenda, asingefunga safari ili kuisema. Mnafiki hulala usingizi mzuri; mtu huyu halali. Hiyo yatosha kutuonyesha kwamba ugonjwa wake si ule.

Lakini atatuuliza: Mbona basi nasema nisichokiona moyoni? Hapa yatupasa kuelewa vema maana ya Kanuni ya Imani. Wengi wetu twadhani kwamba mtu anaposema anasadiki, anatoa taarifa ya hali ya moyo wake kwa siku ile, kama vile mtu asemavyo kwamba ana njaa au ana usingizi. Kama ingekuwa hivyo, ni nani kati yetu angeweza kuitamka kila Dominika pasipo kusema uongo? Kusadiki ni zaidi ya hapo. Ni kuyakubali kuwa kweli yale aliyoyafunua Mungu, na kujitia mikononi mwake. Kwafanana na kiapo cha ndoa. Bwana arusi aliyeapa altareni kumpenda mkewe katika raha na taabu hakutoa taarifa ya furaha ya siku ile ya harusi, alijifunga. Akiamka siku moja baada ya miaka ishirini, akaona moyo wake ni mkavu, na hata hivyo akaenda kumtafutia mkewe dawa usiku wa manane, hatutasema kwamba anamdanganya. Twasema kwamba siku hiyo ndiyo anayoishi kiapo chake.

Tena Kanuni hiyo haikuanza kuwa ya mtu mmoja mmoja katika vinywa vya maaskofu. Walipokutana katika Mtaguso wa Nisea mwaka 325, maaskofu waliiandika kwa wingi: sisi twasadiki. Katika Misa yetu tumezoea kuisema kwa umoja, kama mtu asemavyo siku ya ubatizo wake, na hilo ni jema, maana hakuna awezaye kusadiki kwa niaba yangu nami nikakaa kama jiwe. Lakini ile sauti ya wingi haijafutika. Kabla ya kutakiana amani, padre anapomwomba Bwana hategemei imani ya huyu au ya yule, hutegemea imani ya Kanisa zima. Basi mtu ambaye wiki hii imani yake imezimia haongopi anaposimama kati ya ndugu zake na kuiungama imani yao, ambayo ni yake pia kwa ubatizo. Anafanya kama mgonjwa anayeegemea bega la mwenzake njiani. Hatumwiti mgonjwa huyo mwongo eti kwa sababu hatembei kwa nguvu zake mwenyewe.

Hata hivyo haitoshi kumtuliza mtu kwa mifano. Yapasa pia kutenganisha mambo, kwa kuwa mashaka si ya namna moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya kwanza ya Mungu, hutofautisha shaka la hiari na shaka lisilo la hiari. La hiari ni la mtu anayedharau au kukataa kukubali yale ambayo Mungu amefunua na Kanisa hulifundisha. Lisilo la hiari ni kusitasita, au ugumu wa kushinda hoja zinazopingana na imani, au fadhaa inayoletwa na giza la imani yenyewe. La kwanza ni kosa juu ya imani. La pili ni jaraha. Lakini mtu akilitunza kwa makusudi, akalilisha kila siku asitafute dawa yake, laweza kumpofusha roho. Naye Kardinali John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alifundisha kwamba magumu ya akili ni kitu kimoja na shaka ni kitu kingine, na kwamba hata magumu yakiwa mengi kiasi gani hayawi shaka kwa wingi wake tu.

Hapa hatuna budi kusema pia neno lisilopendeza. Yako mashaka ambayo ni pazia. Mtu ameanza kuishi na mke wa mwenziwe, au amekula fedha za ushirika, au amedhulumu shamba la yatima, ndipo ghafula akili yake ikafunguka, akaanza kuuliza kama kweli Mungu yupo. Mtu wa namna hiyo hana haja ya vitabu vya hoja. Ana haja ya kurudisha shamba. Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Tagaste mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyajua haya kwa nafsi yake. Kwa miaka mingi alitangatanga katika mafundisho mbalimbali akitafuta ukweli. Lakini katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika akiwa amekwisha kuwa askofu wa Hippo, akiri kwamba palifika wakati ambapo akili yake ilikuwa imeridhika, na kilichobaki kumfunga ni mazoea ya mwili aliyoogopa kuyaacha. Alibatizwa mwaka 387. Askofu huyo hakuona haya kuwaandikia watu wake habari za ujana wake, dhambi zake na mashaka yake. Basi kila mwenye mashaka na ajiulize kwa unyofu: Je, swali langu lanisukuma kutafuta, au lanipa ruhusa ya kutotafuta?

Baba yule alijiuliza, nasi twaamini alijibu kwa unyofu. Hakuwa na pazia. Alikuwa na kaburi dogo nyuma ya nyumba.

Kwa watu wa namna yake Mungu ametupa katika siku zetu mfano ambao wengi hawakuutazamia. Mama Teresa wa Calcutta twamjua sote. Mwaka 1950 shirika lake la Wamisionari wa Upendo lilikubaliwa na Kanisa. Mwaka 1968 masista wake walifika hapa kwetu Tabora. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Na mwaka 2016 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu. Watu walipomwona akitabasamu kando ya kitanda cha mtu anayekufa, walidhani kwamba moyoni mwake mlijaa mwanga na utamu usiokoma. Lakini mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilichapwa barua alizokuwa amewaandikia mapadre waliomwongoza kiroho, barua ambazo yeye mwenyewe aliomba zichomwe moto. Ndipo dunia ikajua kwamba tangu siku zile za kuanza kazi yake kati ya maskini, kwa muda wa karibu miaka hamsini, mama huyu alisali katika giza. Alimtafuta Mungu asimwone. Mwaka 1958 alipata nafuu ya majuma machache tu, kisha giza likarudi. Aliogopa hata kwamba tabasamu lake lilikuwa kama vazi la kufunika utupu uliokuwamo ndani.

Barua zile zilipotoka, wako waliofurahi wakasema: Mnaona? Hata mtakatifu wenu hakusadiki. Na wako Wakristu waliofadhaika. Sisi twadhani kwamba wote wawili walisoma haraka mno. Mtu asiyesadiki hamlilii asiyekuwapo kwa miaka hamsini. Giza lake hakulichagua wala hakulipenda. Nalo Kanisa halikushangaa, maana Mtakatifu Yohane wa Msalaba alikwisha kuandika juu ya usiku wa roho katika karne ya kumi na sita. Lakini kwa shauri letu la leo twataka kutazama jambo moja tu: Mama Teresa alilifanyia nini giza lake?

Alifanya mambo mawili. Kwanza, hakulitangaza sokoni, lakini pia hakulizika moyoni. Alilisema kwa wale aliopaswa kuwaambia: kwa askofu wake mkuu, Ferdinand Périer, na kwa mapadre waungamishi na waongozi wake. Mmoja wao, Padre Joseph Neuner, Mjesuiti, alimsaidia sana mwaka 1961. Hakumwambia kwamba giza litaondoka. Alimwonyesha kwamba hakuwa na hatia kwa ajili yake, na kwamba ile hamu yake kubwa ya Mungu ilikuwa yenyewe dalili ya kwamba Mungu yumo, maana mtu haoni kiu ya maji yasiyomhusu. Tangu hapo aliweza kulibeba giza lake, na hata kulipenda. Pili, hakuacha jumuiya yake wala kazi yake. Aliamka asubuhi pamoja na masista, akasali nao, akatoka kwenda kuosha vidonda. Hivyo maneno ambayo moyo wake haukuweza kuyahisi, mikono yake iliyatenda.

Hapo ndipo tunapoona jibu kwa baba wa binti yule. Mungu ametuwekea milango miwili ya kutokea katika upweke, nao ni kitubio na jumuiya. Tutazame kila mmoja.

Habari ya kitubio, tunakosea tunapodhani kwamba ni mahali pa kupeleka hesabu iliyokwisha kusawazishwa. Katika karne za kwanza wale waliotenda dhambi nzito walifanya toba mbele ya watu wote, mara nyingi kwa muda mrefu. Baadaye, katika karne ya saba, wamisionari kutoka Ireland walieneza katika Ulaya desturi ya kuungama kwa siri, kati ya mtu na padre. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliamuru kila Mkristu mwenye umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yadumisha wajibu huo kwa dhambi kubwa. Tena sheria hiyohiyo yasema kwamba siri ya kitubio haivunjiki, na padre anayeivunja moja kwa moja hujipatia papo hapo adhabu ya kutengwa na Kanisa, ambayo kuiondoa ni juu ya Kiti Kitakatifu. Kwa nini kuta nene namna hiyo zimejengwa? Ni kwa sababu pasipo kuta hizo mtu hathubutu kusema kweli. Katika kijiji ambako kila neno linavuma kabla jua halijatua, Kanisa limeweka mahali pamoja ambapo neno likiingia halitoki.

Kwa hiyo mtu asiseme: Sijui niungame nini. Aseme lile lililopo. Shaka lisilo la hiari si dhambi ya kuungamwa, lakini ni jaraha la kuonyeshwa, na padre si hakimu tu bali ni tabibu. Tena karibu na jaraha hilo kwa kawaida ziko dhambi za kweli zilizojificha katika kivuli chake. Baba yule, tulipomwuliza taratibu, alikumbuka kwamba tangu msiba ule amekuwa mkali kwa wanawe waliobaki. Kwamba amewaonea wivu majirani kwa sababu watoto wao wazima. Kwamba ameanza kunywa peke yake usiku. Hayo yote alikuwa hajayaungama, kwa kuwa alidhani kwamba asiyeweza kusema lile kubwa hana haki ya kusema madogo. Tazameni jinsi kimya kinavyozaa! Shaka moja lililofichwa lilikuwa limefunika dhambi tatu, na dhambi hizo zilikuwa zikililisha shaka.

Kwa heshima twawaomba mapadre wetu jambo moja. Twajua kwamba parokia ni kubwa, vigango ni vingi, na njia za masika ni mbaya. Twajua kwamba siku padre anapofika kigangoni hungojewa na wagonjwa, na wachumba, na hesabu za ujenzi, na foleni ndefu ya kitubio kabla ya Misa. Lakini katika foleni ile ndefu yupo mara nyingine mtu mmoja mwenye jambo lisilosemeka kwa dakika mbili. Akiona wenziwe wanamhesabia muda, atasema dhambi za kawaida alizozisema mwaka jana, na atarudi nyumbani na mzigo wake. Mtu huyo na aambiwe: Njoo tena, nitakungoja. Maneno hayo matatu yanaweza kumwokoa.

Mlango wa pili ni jumuiya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA uliofanyika Nairobi mwaka 1976, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa njia kuu ya kulijenga Kanisa katika nchi zetu, na kazi hiyo imezaa matunda mengi ambayo hatuwezi kuyahesabu. Katika msiba, katika njaa, katika ugonjwa, jumuiya ndiyo inayofika kwanza na sufuria na kuni. Lakini tujipime. Je, jumuiya zetu zajua kubeba kilema cha moyo kama zijuavyo kubeba jeneza? Penginepo jumuiya imekuwa daftari la mahudhurio na michango. Anayekosa kufika mara tatu husemwa, wala hatembelewi. Na kiongozi hatarajiwi kamwe kudhoofika. Huyo huombwa kuwaombea wengine, wala hakuna anayekumbuka kumwuliza: Na wewe, baba, hali yako je?

Tukumbuke habari za Mtume Tomaso. Jioni ile ya kwanza Bwana alipowatokea wanafunzi, yeye hakuwapo. Waliposema wamemwona, alikataa kusadiki, tena kwa maneno makali. Tumezoea kumsimanga Tomaso, lakini ni mara chache tunawatazama wale kumi. Kwa siku nane walikaa na mtu aliyekataa ushuhuda wao. Hawakumfukuza, wala yeye hakuondoka. Bwana alipokuja mara ya pili alimkuta mlemle ndani ya nyumba, pamoja na wenzake. Kama wangemfukuza, au kama angejitenga kwa kiburi au kwa haya, ni wapi angepewa kuyaona yale madonda? Vivyo hivyo wale watu wanne waliomshusha mwenye kupooza kutoka darini: Injili yasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Yule mgonjwa hakusema neno. Alibebwa tu, na imani ya waliombeba ilihesabiwa kwa faida yake.

Hatusemi kwamba kila shaka lisimuliwe mbele ya jumuiya nzima. Busara yahitajika, na si kila sikio ni mfuko usiotoboka. Kuna neno la padre katika kitubio, kuna neno la mzee mmoja mwenye hekima, na kuna neno la chumbani kati ya mume na mke. Na hili la mwisho ndilo tunalolisahau kupita yote. Tulimwuliza baba yule kama amemweleza mkewe. Alishtuka. Akasema: Haiwezekani, mke wangu ni mtu wa imani kubwa, ningemvunja moyo. Tukamwuliza: Yeye mwenyewe alikuambia kwamba imani yake ni kubwa? Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: Hapana, humwona tu akisali. Tukamjibu: Naye hukuona wewe ukisali.

Wasomaji wetu wapendwa, ni nyumba ngapi ambamo mume na mke hupiga magoti usiku kando ya kitanda kimoja, kila mmoja akiwa na jiwe lilelile moyoni, na kila mmoja akilificha ili asimwumize mwenzake? Huo tunauita uvumilivu, na labda katika mwanzo wake ni upendo. Lakini upendo usiothubutu kusema kweli hukonda. Na watoto, ambao macho yao ni makali kuliko yetu, hujifunza kutoka kwetu kwamba dini ni jambo la kuonyesha nguvu usizonazo. Siku mashaka yao wenyewe yatakapofika, shuleni au chuoni au mbele ya simu zao, hawatatujia. Watadhani kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusita. Basi mtoto akiuliza swali gumu juu ya Mungu, asipigwe wala asinyamazishwe. Ajibiwe kwa kadiri tunavyojua. Na tusipojua, tumwambie kwamba hatujui, na twende pamoja naye kwa katekista au kwa padre kulitafuta jibu. Mtoto aliyemwona babaye akitafuta hatasahau.

Labda mtu atauliza: Je, mwenyekiti mwenye mashaka abaki katika uongozi? Twajibu hivi. Kama ameanza kufundisha watu kinyume cha imani, yampasa kuacha. Kama amedhoofika tu, na angali akitafuta, hana sababu ya kukimbia. Lakini anaweza kuomba apumzike kidogo, na ombi hilo lisichukuliwe kuwa aibu. Mtume Petro alizama majini kwa sababu ya kuona mashaka, na mkono uliomshika haukumvua utume wake.

Kati ya watu wote wa Injili, baba huyu anafanana zaidi na baba mwenziwe, yule aliyemleta kwa Yesu mwanawe aliyekuwa akiteswa na pepo tangu utoto. Katika pumzi moja mtu yule alikiri kwamba anasadiki, na papo hapo akaomba asaidiwe kwa upande ule usiosadiki. Bwana hakumwambia aende kwanza akaitimize imani yake ndipo arudi. Aliipokea sala ile yenye ufa, akamponya mtoto. Twajua kwamba hapa msomaji atasema: Lakini binti wa mtu wenu hakuponywa. Ni kweli. Kwa hilo hatuna maelezo ya kumpa, na tungemtukana kama tungejidai kuwa nayo. Tuna msalaba tu, na juu yake yupo Mwana aliyelia kwamba ameachwa, na kilio hicho pia kilikuwa sala.

Baada ya majuma kadhaa tulipata habari za rafiki yetu. Alikwenda kwa padre, si siku ya foleni, bali siku nyingine jioni. Alimweleza mkewe, nao walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Giza, asema, halijaondoka. Bado anaongoza rozari, lakini penye fumbo lile ambalo linamshinda, humwomba mkewe aendeleze, naye huitikia na wengine. Watu wa jumuiya hawakuuliza kitu. Juma lililofuata mzee mmoja, tena wa wale wasemao machache, aliomba naye asaidiwe fumbo moja.

Basi tusiogope kweli. Aliye na mashaka na asiyafiche mpaka yamwumbue; na ayapeleke kitubioni, na ayaseme kwa yule aliyepewa na Mungu kuwa mwenziwe, na abaki nyumbani pamoja na ndugu, kama Tomaso, hata siku ya nane. Na yule ambaye leo imani yake ni imara na amshukuru Mungu, kisha atazame kando yake kwenye benchi. Aliyeketi pale huenda anangoja kubebwa.